Kuifufua nobu ya gia ya chuma iliyolika

Nobu ya gia, kile kishikio cha juu ya mti wa gia, inahukumiwa na kiganja. Jicho huitazama siku ya kununua gari na siku ya kuliuza. Siku zote za katikati ni mkono unaoishika, kwenye foleni, kwenye matuta, kwenye mlima. Kwa hiyo nikiletewa nobu ya chuma iliyochubuka, simuulizi mwenyewe anataka ing'ae kiasi gani. Namwambia afumbe macho, aishike kama anavyoishika barabarani, halafu aniambie inamkwaruza wapi. Pale atakapoonyesha kwa kidole ndipo penye kazi. Kwingine huenda pakahitaji sabuni tu.

Mimi naishi Tanga, na gari langu ni Hilux ya zamani ya gia tano. Nobu yake ni ya alumini; aliyekuwa na gari kabla yangu ndiye aliyeing'oa ile ya plastiki akaweka hii. Upepo wa bahari una chumvi, jasho lina chumvi. Alumini hujivika yenyewe utando mwembamba wa oksidi unaoilinda, lakini chumvi huutoboa utando huo hapa na pale, na panapotoboka panabaki kishimo chenye unga mweupe. Halafu kuna pete. Gari letu lina usukani kulia, gia inashikwa kwa mkono wa kushoto, na wengi wanaovaa pete ya ndoa wanaivaa mkono huohuo. Ndiyo maana mikwaruzo mingi utaikuta juu ya nobu, inakwenda kama mkono unavyofunga. Nobu iliyotoka kwenye gari la usukani kushoto, kwa mfano la Bujumbura au Bukavu, imelika upande wa pili.

Jambo la kwanza ni kuijua metali yenyewe, maana dawa ya hii ni sumu ya ile. Chukua sumaku. Ikinasa, ni chuma cha kawaida au chuma kilichopakwa kromu. Isiponasa, ipime kwa mkono: alumini ni nyepesi, gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati shaba ya njano inafika 8.5 hivi, yaani nobu mbili za ukubwa mmoja zitatofautiana uzito zaidi ya mara tatu. Huhitaji mizani. Chuma kisichoshika kutu kwa kawaida nacho hakinasi kwenye sumaku au kinanasa kidogo sana, lakini ni kizito na ni nadra kukuta kimeota vishimo vyeupe.

Ya kuogopa ni kromu. Tazama kwenye ukingo wa mahali palipolika. Ukiona ngozi nyembamba inayong'aa kama kioo imebanduka na chini yake kuna rangi nyingine, ya plastiki au ya metali ya kijivu, hiyo ni kromu, na msasa usiiguse. Ngozi ya kromu iliyobanduka inakata mkono vibaya kuliko wembe. Kama chini ni plastiki, ushauri wangu ni kuitupa na kutafuta nyingine kwa wauza vipuri vya magari yaliyokatwa. Kama kromu bado nzima ila ina madoa ya kutu, kunja kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, kiloweshe maji, usugue taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi, na kutu inatoka. Basi, kromu imekwisha. Yote yanayofuata ni ya alumini, na shaba ya njano nitaigusa mbele.

Kuitoa garini. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu, kisha weka gia huru. Nobu nyingi za gari la manyuo, yaani la gia za mkono, hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kabla ya kukaza mkono, ipapase chini yake: nobu nyingine za kununua madukani hazina uzi wowote, zinashikwa na skrubu ndogo mbili au tatu za kichwa cha pembe sita zilizofichwa kwenye shingo, na hizo zinafunguliwa kwa alenki ndogo. Ukilazimisha kuzungusha wakati skrubu bado zimeng'ata, unachonga mtaro kwenye mti wa gia.

Ikigoma, usiikimbilie na plaizi. Ifunge kipande cha tyubu ya baiskeli, mizunguko miwili ya kubana, kisha zungusha kwa mkono. Raba inashika kuliko kidole na haiachi alama. Ikigoma bado, huenda aliyeifunga aliipaka gundi ya nati. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka iwe ya kuungua kidogo mkononi, ujaribu tena ingali na joto. Kuna na zile zinazovutwa juu bila kuzungushwa. Hizo huachia ghafla, na uso ukiwa umeinama juu yake ni pua inayolipia. Kaa pembeni.

Mwenye gari la otomatiki asifuate maelezo haya ya kufungua. Ndani ya kishikio chake kuna kitufe, springi, na kwa baadhi ya Toyota waya za swichi ya overdrive. Inafunguka kwa namna yake.

Ikishatoka, ioshe. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Sugua shingoni, kwenye namba, ndani ya tundu la uzi. Usiharakishe hapa, kwa sababu ule weusi unaoudhani ni chuma kilicholika mara nyingi ni mafuta ya mikono, losheni na vumbi vilivyokaukiana miaka. Wapo niliowarudishia nobu baada ya hatua hii na wakaridhika. Penye unga mweupe weka siki kwa kitambaa dakika chache, sugua, osha na maji mengi.

Vijana wa kuosha magari watakupa dawa zao: maji ya betri, dawa ya kusafishia choo, kostiki soda. Kataa zote. Asidi kali, si kama siki, inaichimba alumini vishimo vipya. Kostiki nayo inaila alumini yenyewe, inachemka, inatoa joto na gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Nobu inatoka nyeusi, na vidole vyako havitakuwa salama pia.

Sasa msasa, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Nunua msasa wa maji, ule mweusi au wa kijivu unaouzwa kwa wapiga rangi wa magari, si ule wa mbao. Namba zinazotosha ni 240, 400, 800, 1200 na 2000. Namba ikiwa ndogo, chembe zake ni kubwa na zinakula zaidi. Loweka vipande kwenye ndoo yenye matone ya sabuni kabla ya kuanza. Maji yanaubeba unga wa alumini usiruke hewani wala kuingia puani, na unga mkavu wa alumini si kitu cha kurundika mahali penye cheche. Usifanye kazi hii kwenye benchi ambako mtu anakata vyuma kwa grainda.

Usianzie 240 kwa sababu tu ipo. Jaribu kwanza 400 mahali padogo. Kama mikwaruzo inaanza kupotea, 240 huihitaji kabisa. Kila namba unayotumia inaacha mikwaruzo yake, na kazi ya namba inayofuata ni kuifuta ile tu. Siri yake ni mwelekeo. Ukisugua 400 kwenda juu na chini, 800 sugua kukata, kushoto na kulia. Kwa njia hiyo unaona: mistari ya juu na chini ikiisha yote, ikabaki ya kukata peke yake, umemaliza namba hiyo. Ukisugua mwelekeo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mkwaruzo wa 400 utajificha ndani ya ile ya 1200, na utaibuka siku ya kung'arisha, ukiwa umekwisha kunawa na kuita watu waje waone.

Kati ya namba na namba, osha nobu, badilisha maji, nawa mikono. Chembe moja ya 240 iliyobaki chini ya ukucha inaweza kukurudisha nyuma saa nzima.

Kuna mtego wa umbo. Vidole vyetu vina mifupa, vinabonyeza penye ncha, na nobu ya duara inaanza kupata bapa bila wewe kuona. Kunja msasa juu ya kipande cha ndala ya zamani, ile raba laini, ili ukumbatie mviringo. Na kila baada ya muda fumba macho uishike. Bapa ambalo jicho halijaliona, kiganja kinalijua mara moja.

Vishimo virefu na alama ya kuanguka kwenye sakafu ni suala la uamuzi. Kukiondoa kishimo cha nusu milimita kwa msasa ni kuishusha nobu nzima nusu milimita, na humo humo zinakwenda namba za gia zilizochongwa juu. Mimi nasawazisha ukingo wa kishimo usikwaruze, kisha nakiacha. Wako wanaojaza gundi ya epoksi yenye unga wa chuma. Inaziba, lakini rangi yake haiwi ile ya alumini, na baada ya mwaka wa jasho inaonekana kama doa. Kishimo chenye ukingo laini hakimsumbui mtu.

Mwenye drili anaweza kuokoa muda. Tafuta boliti ya uzi uleule wa nobu, ikate kichwa kwa msumeno wa chuma, ifunge nobu juu yake na nati ya kubana, kisha ingiza upande wa pili kwenye taya za drili. Drili yenyewe ifungwe kwenye jiriwa, isishikwe na mtu. Izungushe kwa mwelekeo wa kawaida, ule wa kutoboa, kwa kasi ndogo. Mwelekeo huo unazidi kuikaza nobu kwenye boliti. Ukibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, nobu itajifungua yenyewe ikiwa inazunguka, na itaruka. Usivae glavu za kitambaa wala kuacha mkono wa shati unaning'inia. Na kwa kuwa kwenye drili msasa unakwenda mwelekeo mmoja tu, malizia kila namba kwa mkono, kwa kukata, kama nilivyosema.

Stilwaya ya kusugulia sufuria iache jikoni. Inaacha vipande vidogo vya chuma vimejikita ndani ya alumini, navyo vinashika kutu baadaye kwenye hewa yetu hii ya pwani. Ukitaka kitu cha aina hiyo, tumia ile pedi ya nailoni ya kijivu ya wapiga rangi.

Ukifika 1200, simama, uamue mwisho wake. Watu wengi wanataka kioo. Mimi siwapendekezei. Nobu ya kioo inateleza mkono ukiwa na jasho, inaonyesha kila alama ya kidole, na saa saba mchana inaakisi jua moja kwa moja machoni. Namalizia kwa pedi ya kijivu yenye maji ya sabuni, nikizungusha kwa mkono mwepesi mpaka ipate ule mng'ao wa kufifia, sawasawa pande zote. Inashikika, na mkwaruzo mpya wa pete unapotea kwa kupitisha pedi ileile mara moja.

Mwenye kung'ang'ania kioo aende 2000, kisha achukue dawa ya kung'arishia metali kama Autosol au Brasso na kitambaa cha pamba, fulana kuukuu inafaa. Weka kidogo, sugua duara ndogondogo. Kitambaa kitakuwa cheusi tititi. Hiyo ni alumini yenyewe inayotoka, si uchafu, na haitaacha kuwa nyeusi hata usugue mpaka kesho, kwa hiyo weusi wa kitambaa usiwe kipimo chako cha kumaliza. Badilisha upande wa kitambaa, futa, tazama kwenye mwanga wa mlangoni.

Kama nobu ilikuwa na rangi ya kiwandani iliyoingizwa kwa umeme kwenye alumini, nyekundu, buluu au nyeusi, ujue tabaka hilo haliungiki viraka nyumbani. Ama uliache na makovu yake, ama uliondoe lote. Nusu kwa nusu inachekesha.

Vanishi ya kupuliza juu yake sitii kamwe. Inapendeza wiki ya kwanza. Baadaye pete inaichana, jasho linapenya chini, nayo inaanza kubanduka vipande vipande, na sasa una mikwaruzo ya aina mbili badala ya moja. Kinachofaa ni nta ya gari, kiasi cha kupaka ukucha, isugue mpaka usiihisi tena.

Namba sasa. Kama zimechongwa ndani, zisafishe kwa njiti ya meno na asetoni mpaka rangi ya zamani itoke. Kisha tumia rangi ya kucha. Nyeusi inasomeka vizuri juu ya alumini. Kwa R napenda nyekundu. Ijaze ndani ya mchongo bila kuogopa kumwagika pembeni, iache ikauke nje ila isikauke sana, robo saa hivi, kisha chukua kadi ngumu uliyoifunga kitambaa chenye unyevu kidogo wa asetoni, upitishe juu kwa kukata mistari. Kadi haiingii ndani ya mchongo, kwa hiyo inafuta ya juu tu. Kidole kingechimba rangi yote. Asetoni iwe mbali na jiko.

Kama mchongo umekwisha kabisa, mpelekee anayechora majina kwenye vikombe vya zawadi na ngao za shule. Mchoree mpangilio kwenye karatasi baada ya kuuhakikisha garini kwako, kwa sababu R haikai mahali pamoja kwenye magari yote. Toyota nyingi za gia tano zinaiweka chini ya 5. Gari nyingine zinaiweka kushoto juu, jirani na 1. Mchoro wa kuvutia wenye R mahali pa uongo ni hatari kwa fundi au shemeji atakayeazima gari.

Kurudisha. Angalia uzi kwanza. M ni kipenyo cha uzi kwa milimita, na hatua ni umbali wa milimita kati ya jino na jino la uzi. Toyota nyingi zina M12 kwa hatua ya 1.25, Nissan nyingi M10 kwa 1.25, Honda M10 kwa 1.5, na nobu za kununua mara nyingi huja na vipete vya kubadilishia. M10 ya Honda itaingia mizunguko miwili kwenye nobu ya Nissan halafu itagoma. Anayeendelea kuikaza anaua uzi wa alumini, na ule wa mti wa gia, ambao ni chuma, unabaki mzima. Kama uzi wa nobu umelegea tu, zungushia mti wa gia tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili mitatu, kufuata mwelekeo wa kukaza. Kama umekufa, mtu wa kukereza ataupanua, aweke kipande cha chuma, akate uzi mpya ndani yake. Hapa mjini huwa naenda kwa wakerezaji wa eneo la SIDO, lile shirika la viwanda vidogo.

Tatizo la mwisho ni nobu kukaza huku namba zikitazama mlango wa abiria. Usiirudishe nyuma robo mzunguko ukaiacha inacheza. Tanguliza nati nyembamba kwenye mti wa gia, fuata na nobu, isimamishe namba zikutazame, kisha ipandishe nati kwa spana ikutane na nobu na kuibana kutoka chini. Kama huna nati, gundi ya uzi ya buluu inatosha, tone moja. Ile nyekundu ni ya kudumu. Usiitie kitu utakachotaka kukifungua tena. Ukisikia mlio wa kutetema injini ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, oringi moja ya raba kati ya nati na nobu inaunyamazisha.

Kuhusu shaba ya njano, wazee wa pwani hawakungoja dawa ya dukani: ukwaju, au ndimu na chumvi, kama wanavyosafishia sinia na vyetezo. Inafanya kazi vilevile kwenye nobu. Ila usiiloweke ikalala humo. Asidi inaitoa zinki iliyochanganywa humo na kuiacha shaba nyekundu, na nobu inageuka rangi ya waridi, ambayo itakubidi uisugue tena kwa msasa. Dakika chache, sabuni, maji, kausha, nta. Na ujue shaba huacha harufu mkononi ukiwa na jasho. Kuna wanaoizoea, mke wangu hakuizoea, ikabidi irudi alumini.

Jua pia. Gari lililoegeshwa bila kivuli linaifanya nobu ya metali isishikike. Soksi ya mtoto inaizunguka vizuri, ivalishe unapoegesha, ivue unapoondoka. Kila wiki futa kwa kitambaa chenye maji matupu, hasa ukitoka ufukweni, na nta irudie unapoona matone ya maji hayasimami tena juu yake.

Kabla ya kuondoka siku ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi uingize gia zote moja baada ya nyingine, ukianzia 1 na kumalizia R. Tazama kama nati haigusi ile ngozi inayofunika mti wa gia chini na kama nobu haizunguki unapovuta kuelekea kwako kutoka 4 kwenda 5. Ikizunguka hata kidogo, rudi kwenye nati.